Chupa ya saa 7 mchana

Mwezi huu tunaandika juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo. Lakini limeleta maneno mengi katika makazi yetu, na sisi tunaotengeneza jarida hili tumebishana juu yake jioni mbili mpaka giza likaingia.

Wazazi wawili walituletea malalamiko. Mwalimu mmoja wa watoto wetu, mtu wa kanisa, huonekana saa 7 mchana, siku za kazi, ameketi nyuma ya duka na chupa ya bia mbele yake. Anakula, anakunywa chupa hiyo moja, analipa, anarudi darasani. Hapepesuki wala hatukani mtu. Wazazi walitaka tuandike kwamba hiyo ni aibu, na tumtaje kwa jina. Jina hatutalitaja. Bwana alifundisha kwamba ndugu akikosa, umwendee kwanza ninyi wawili peke yenu. Basi tulituma watu wawili kwake.

Mwalimu hakukasirika. Alitukaribisha, akatueleza hivi: "Ndugu zangu, nionyesheni sheria niliyoivunja. Ni saa yangu ya mapumziko. Ni pesa yangu. Ni chupa moja, na ninakunywa pamoja na chakula. Kule kwetu Bukavu, baba yangu alikuwa karani. Saa 6 alikunywa Primus na wenzake wa ofisi, na hakuna mchungaji aliyemwita mlevi. Je, bia imekuwa dhambi kwa sababu tumevuka mpaka?"

Tulirudi tukiwa kimya. Maneno yake yalikuwa na uzito, na sisi hatukutaka kumjibu kwa kelele. Tulijiuliza: je, ni vema mtu kunywa bia mchana wa siku ya kazi? Na kama si vema, ubaya wake uko wapi hasa?

DESTURI ZA WATU SI MOJA

Kwanza tulitazama desturi. Burundi, watu huketi kuzunguka mtungi mmoja wa bia ya mtama na kunywa kwa mirija, na hapo ugomvi wa majirani humalizwa. Kivu, mahari haikamiliki pasipo kasiksi. Mgeni akifika mchana na usimpe kitu cha kunywa, ni kama umemwambia aende zake. Lakini katikati yetu wapo pia waliokulia katika makanisa yasiyogusa pombe kabisa, na kwao hata kubeba chupa tupu ni fedheha.

Mataifa mengine nayo hayapatani. Sheria ya kazi ya Ufaransa inakataza pombe mahali pa kazi, isipokuwa divai, bia na vinywaji vya matunda ya tufaha na peasi. Denmark, mwaka 2010, wafanyakazi wa kampuni ya bia ya Carlsberg waligoma. Walikuwa wamezoea kunywa bia saa yoyote wakiwa kazini, na kampuni ikawaambia kuanzia sasa ni saa ya chakula tu. Mwaka huohuo wa 2010 jirani zetu wa Kenya walipata sheria ya vileo ambayo watu waliiita sheria ya Mututho, iliyotaka baa zisifunguliwe kabla ya saa 11 jioni siku za kazi. Basi saa ileile ya chakula ambayo mfanyakazi wa Denmark aliiona kuwa imebanwa mno, Kenya iliifunga kabisa.

Kwa hiyo mtu akisema "kwetu inakubalika", amesema kweli. Na mwenziwe akisema "kwetu haikubaliki", naye amesema kweli. Hapa tunapoishi, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasudani Kusini, "kwetu" ni pengi. Tukiiachia desturi peke yake iamue, hatutafika.

MAANDIKO YANAANGALIA SAA

Wengine kati yetu walisema, tufungue Biblia, mambo yataisha. Tulifungua, lakini hayakuisha upesi. Yesu aligeuza maji kuwa divai huko Kana. Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kiasi kwa sababu ya tumbo lililomsumbua. Anayesema kila tone ni dhambi atapata shida na sehemu hizo.

Lakini mmoja wetu, mama aliyekuwa kimya muda mrefu, alituambia tusome Mambo ya Walawi sura ya 10. Hapo Mungu anamwambia Haruni na wanawe wasinywe divai wala kileo wanapoingia katika hema. Tuangalie vizuri. Hawakatazwi maisha yao yote. Wanakatazwa wanapoingia kazini. Na sababu imetolewa palepale: wapate kutofautisha kilicho kitakatifu na kisicho kitakatifu, na wapate kuwafundisha watu. Kazi ya kufundisha imetajwa waziwazi.

Kisha akatupeleka Mithali sura ya 31, kabla ya habari za mke mwema ambazo wengi tunazijua. Mama wa mfalme Lemueli anamwonya mwanawe kwamba kileo hakiwafai wafalme, wasije wakasahau sheria na kupotosha haki ya wanyonge. Mama huyo haangalii heshima ya mfalme. Anamwangalia yule mnyonge atakayesimama mbele ya mfalme mchana huo akingoja hukumu. Mnyonge hakunywa kitu, lakini yeye ndiye atakayeumia.

Hapo tulianza kuona njia. Swali la mwalimu lilikuwa, "Nimevunja sheria gani?" Maandiko haya yanauliza swali lingine: "Baada ya chupa hiyo, ni nani atakayekuwa mikononi mwako?"

MWILI HAUJUI MAPUMZIKO

Muuguzi mmoja wa kanisa letu alitusaidia kwa hesabu. Chupa ya bia ya hapa ni mililita 500. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 5, ndani yake mna mililita 25 za kileo halisi, karibu gramu 20. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa moja. Basi chupa iliyonywewa saa 7 inaanza kwisha mwilini saa 9, na kwa wengine ni saa 10. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala kunawa uso kwa maji baridi. Mapumziko ya mwalimu yamekwisha zamani, lakini bia bado iko naye darasani mpaka watoto wanakaribia kwenda nyumbani. Na ile Primus ya Kongo ni chupa ya sentilita 72. Anayesema "chupa moja" aseme pia ni chupa gani.

Tena kuna habari ya tumbo. Kileo huingia katika damu haraka zaidi tumbo likiwa tupu. Nasi tunajua hali zetu. Mwaka 2020 mgao wa chakula hapa Uganda ulipunguzwa ukawa asilimia 70, na mwaka 2021 ukashuka hadi asilimia 60, na baadaye familia nyingi zikaondolewa kabisa. Wengi wetu chakula cha mchana ndicho cha kwanza kwa siku. Karani wa Bukavu aliyekunywa chai na mkate asubuhi si sawa na mtu aliyeamka na maji tu.

Hatusemi chupa moja humfanya mtu mlevi. Tunasema hupunguza kidogo wepesi wa kuona na kuamua, na anayepungukiwa ndiye wa mwisho kujua. Kwa aliyeketi chini ya mti wake akisuka mkeka, kidogo hicho si kitu. Kwa dereva wa bodaboda aliyebeba mama na mtoto, kwa muuguzi anayepima dawa, kwa mwalimu mbele ya watoto zaidi ya mia, ni kitu.

MTOTO ALIYEHAMA DAWATI

Tulimrudia mwalimu. Safari hii tulienda na neno moja ambalo mzazi mmoja alikuwa ametuambia mwishoni, karibu alisahau. Binti yake alikuwa akiketi mbele. Siku hizi, vipindi vya mchana, huhamia nyuma, na hapeleki daftari lake kusahihishwa. Mama alipomuuliza, mtoto alisema mwalimu ananuka kama baba usiku.

Wengi wenu mnaelewa mtoto huyo alisema nini. Nyumba ambazo harufu ile inaingia kwanza, kisha kelele, kisha fimbo, si chache hapa. Mwalimu hajawahi kumpiga mtoto huyo. Hajafanya kosa lolote analoweza kuonyeshwa katika kitabu cha sheria. Lakini mtoto alikuwa akipoteza masomo ya mchana kwa sababu ya chupa ambayo mwenye kuinywa aliihesabu kuwa ni yake peke yake, kwa pesa yake, katika saa yake.

Hilo ndilo tunalotaka kulisema leo. Mchana wa siku ya kazi mtu ameshautoa. Ameuahidi kwa watoto, au kwa wagonjwa, au kwa abiria, au kwa mwenye shamba aliyekubaliana naye ujira. Saa ya mapumziko ni yake kweli, lakini bia haikai ndani ya saa hiyo, inavuka na kuingia katika saa za wengine. Jioni, kazi ikiisha, jembe likioshwa, ni habari nyingine. Hapo anayekunywa atajibu mbele ya dhamiri yake, kanisa lake na watu wa nyumbani mwake, ambao nao wana haki zao.

TUSIPIME KWA MIZANI MIWILI

Sasa tugeukie upande wetu. Vijana wetu wanaokwenda leja leja katika mashamba ya wenyeji nao hunywa mchana, tonto au glasi ya waragi. Hao tunawaita walevi bila kuuliza. Mwenye mshahara akiketi na bia na sahani ya nyama, tunasema anapumzika. Kileo ni kilekile. Kama mchana wa mwalimu una thamani, na mchana wa kibarua una thamani, na mwili wake unalimia jua kali na panga mkononi.

Tena wapo waajiri wanaowapa vibarua tonto saa 6 na kukata katika ujira. Wengine wanashukuru wakidhani ni ukarimu. Tuwe macho. Afrika ya Kusini, katika mashamba ya zabibu ya Cape, wafanyakazi walilipwa sehemu ya ujira wao kwa divai, waligawiwa mara kadhaa kwa siku. Sheria ilikuja kukataza, lakini jambo liliendelea miaka mingi, na liliacha ulevi katika familia na watoto waliozaliwa na madhara ya pombe iliyonywewa na mama zao. Ujira ni pesa. Anayekulipa kwa kikombe amekununulia usingizi, na watoto wako hawawezi kuula.

Na neno la mwisho katika upande huu ni la mwalimu mwenyewe. Tulipomweleza habari ya mtoto, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Sawa. Siku za shule sitakunywa tena mchana, kwa ajili ya mtoto huyo. Lakini nanyi nisikilizeni. Mmehesabu chupa yangu tangu mwaka uanze. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama nilikula asubuhi, au kwa nini ninaketi nyuma ya duka peke yangu."

Hatukuwa na la kujibu. Ni kweli hatukuuliza. Mke wake bado yuko ng'ambo ya mpaka, na jiko lake haliwashwi mchana. Kamati ya wazazi imeanza kupika posho na maharagwe kwa walimu saa ya chakula. Ni kidogo, na haijulikani fedha zitadumu hadi lini, lakini ingefaa ianze kabla ya malalamiko.

Ndugu wasomaji, hatukupatana katika kila jambo. Mmoja wetu bado anashika kwamba Mkristo asiguse bia saa yoyote, na mwingine anaona tumekuwa wakali kupita kiasi. Lakini sote tulikubali maswali matatu, nayo tunawaachia mkayazungumze nyumbani. Mchana wako wa leo umemwahidi nani? Ni nani atakuwa mikononi mwako kabla kileo hakijakutoka? Na yule unayemnyooshea kidole, je, umewahi kumuuliza kama amekula?

Mungu awabariki na kuwalinda, ninyi na watoto wenu.