Jina la Bidhaa na Asili Yake

Ama baada. Wafanya biashara wa pwani wapandao bara huuliza suala hili khasa wafikapo Makambako: kitu chenye jina la nchi moja, au la mtengenezaji mmoja, na kumbe kimefanywa nchi nyingine, je, jina lile ni uwongo, na kukiuza ni ghushi? Na Makambako ndipo pa kuulizwa, maana hapo njia ya Njombe na Songea huachana na ile ya Mbeya, na reli ya TAZARA yapita, na bidhaa za killa namna zitokazo Dar es Salaam hufika: majembe, viatu, simu na nguo.

Jueni, enyi ndugu, ya kwamba suala hili si jipya. Seyyid Said alifanya mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, na merikebu za Salem zikaleta Unguja nguo ngumu ya pamba ambayo watu waliiita merikani. Tabibu Ruschenberger, aliyefika Unguja mwaka 1835 katika merikebu Peacock, aliandika kwamba Waingereza walikuwa wakipiga chapa za Kimarekani juu ya nguo zao wenyewe, na wenyeji walipoona hazidumu wakakataa kununua kwa Mwingereza, wasije wakahadaiwa. Hiyo ni hila iliyo wazi. Kisha vita vya Marekani vya 1861 hata 1865 vikakata biashara ile, na nguo ya namna hiyo ikaja kutoka Uingereza na viwanda vya Bombay, na jina la merikani likabaki. Aliyeuza merikani ya Bombay alisema uwongo? La. Ada ilikwisha kuligeuza jina likawa la namna ya nguo, wala mnunuzi hakulifahamu vingine. Tofauti ya mambo haya mawili haiko katika mahali pa kiwanda, iko katika lile jina linalomwambia mnunuzi.

Basi kiatu kilichoshonwa China kwa idhini ya mwenye jina aliye Ulaya, na kwa kipimo chake, hakina ghushi. Mshonaji ni kama wakili, na jina ni dhamana ya mwenyewe juu ya kazi. Asemaye si cha asili kwa kuwa kimetoka China, huyo ametazama pasipo. Illa kikiandikwa kuwa kimefanywa Italia na hakikufanywa Italia, hapo khabari imekuwa ya uwongo, hata kiatu kikiwa kizuri.

Penye uzito ni pengine. Imam Nawawi katika Minhaj ametaja mambo ya hila katika uuzaji. Mwenye kumtia mtumwa rangi nyeusi katika nywele ili aonekane kijana, mnunuzi ana khiyari ya kumrudisha. Lakini aliyeipaka nguo ya mtumwa wino ili adhaniwe kuwa ni mwandishi, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi hapana khiyari, kwani mnunuzi alikuwa na njia ya kumjaribu naye hakuuliza. Je, chapa ya jembe ni nywele au ni wino? Jina lililobadilishwa herufi moja ili lifanane na jina mashuhuri ni wino: mwenye macho angalisoma. Ama jina lenyewe lililoibwa likapigwa kamili, hilo ni neno la muuzaji, kana kwamba amelitamka kwa ulimi wake, nalo lafaa kuhisabiwa kuwa ni sharti. Na kukosekana khiyari hakuondoi dhambi. Wanavyuoni hawakusema kuwa kupaka wino ni halali.

Husemwa pia: mnunuzi ajua kuwa ni ya kuiga, na bei yamwambia, basi nani amedhulumiwa? Mwenye jina. Majma ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Kuwait mwaka 1988 ilikata kwamba jina la biashara na alama yake ni haki yenye thamani, haifai kuivamia. Na Tanzania ina sheria ya alama za bidhaa tangu 1963.

Huko Njombe jambo hili limegeuka upande wa pili. Parachichi za Njombe kwa miaka mingi zilinunuliwa na wafanya biashara wa Kenya, zikavuka mpaka, zikaenda ng'ambo kwa jina la Kenya. Mkulima alilipwa, lakini sifa ya udongo wake ikawa ya jirani. Mkataba wa kupeleka parachichi China moja kwa moja ulitiwa sahihi Novemba 2022.

Na aina yenyewe huitwa Hass, kwa jina la Rudolph Hass wa California, aliyepewa hati ya mti wake mwaka 1935. Ipandwayo Njombe ni Hass ya kweli, maana killa mche uliobebeshwa una kikonyo kilichotokana na mti ule mmoja, kizazi baada ya kizazi. Lakini mche ulioota kwa kokwa hauzai kama mama yake, na ukiwa mdogo mtu asiyeuchunguza shina, penye kovu la kubebeshwa, hawezi kuutambua. Auzaye mche wa kokwa kwa jina la Hass amefanya hila kubwa kupita ya mwenye kuuza kiatu, kwa kuwa mnunuzi atajua baada ya miaka mitatu au zaidi, shamba limekwisha kujaa na mbolea imekwisha kutiwa. Akienda kudai atarudishiwa bei ya miche. Miaka haimo katika bei. Basi anunuaye na atazame kovu lile, kisha atake jina la Hass liandikwe katika risiti, ili liwe ni sharti la mauzo wala si dhana yake.