Sauti ya mjusi haitoshi kuhukumu mtu

Hapa kwetu Uvira, nyumba ikiwa ya mabati ao ya manyasi, iko na wapangaji wasiolipa kodi: mijusi ya ukutani. Mchana inajificha mu mipasuko ya ukuta, usiku inatoka kungojea mbu karibu na taa. Kisha tunasikia: tsik, tsik, tsik. Siku za kawaida hakuna anayeisikiliza. Lakini mgonjwa akilala mu nyumba, ile sauti inageuka neno. «Munasikia? Hata mujusi inasema.» Na macho yanamwelekea mtu fulani.

Hapo tunauliza: mnyama anaweza kuwa shahidi juu ya mtu?

Mijusi mingi ya porini haina sauti. Huyu wa nyumba anayo kwelikweli. Mtaalamu Marcellini, mu mwaka 1974, aliandika juu ya ndugu yake wa Asia na kutofautisha milio mitatu. Ule wa kukatakata ni hasa wa dume, juu ya kulinda pahali pake. Mwingine ni wa ugomvi kati ya madume. Wa tatu ni wa kushikwa. Labda huo wa mwisho unatuhusu, mtoto mtundu akimshika.

Tuangalie sasa vile watu wanamtafsiri. Wabengali wa India na Bangladesh wanamwita tiktiki. Akilia mtu akisema jambo, wao wanasikia «thik, thik», maana yake «sawa, sawa». Kumbe mu Kiswahili anaitwa mjusi kafiri, na Waislamu wanasimulia kwamba alipuliza moto wa kumchoma nabii Ibrahimu. Huko shahidi wa kweli, huku adui wa nabii! Yeye mwenyewe hakubadilisha mlio.

Wengine watasema tunadharau wazee. Hapana. Wazee walijua kusikiliza wanyama kuliko sisi wenye diploma. Kuna ndege anayeita watu na kuwaongoza mpaka kwenye asali, na wazee walimfuata. Lakini walipofika walipasua mti, wakaona asali kwa macho, ao wakakosa. Neno la ndege lilipimwa. Neno la mjusi juu ya roho ya mama muzee, nani atalipasua aone ndani?

Na watu wanaumia. Mama mjane anafukuzwa mu lupango, mtoto yatima anaitwa mulozi, sababu eti kulikuwa alama usiku. Juu ya mtoto, sheria ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu 160, inamwazibu anayemshtaki uchawi: kifungo cha mwaka 1 mpaka 3. Ni vizuri, lakini jirani hangojei tribinali. Anahukumu palepale, mbele ya taa.

Tunajibiwa kila mara: «Lakini mugonjwa alikufa kweli!» Ndiyo, alikufa. Lakini mjusi alilia pia usiku wa ndoa, usiku wa mitihani, na usiku mingi ambayo hakuna kitu kilitokea. Hizo nani alizihesabu? Tungependa familia moja ichukue daftari, iandike mwezi mzima kila mlio na kilichofuata, mbele ya kutaja jina la mama yeyote. Kalamu na daftari tutawapa sisi.