Injini ya Toyota, Kadi ya Land Rover

Wapenda falsafa wanaijua meli ya Theseus. Plutarch anasimulia kwamba Waathene waliitunza kwa kung'oa kila ubao uliooza na kutia mpya, mpaka wenye hoja wakaanza kubishana: hii bado ni meli ileile? Mikindani swali hilo lingechekesha kidogo. Jahazi linapandishwa ufukweni, linabadilishwa mbao, linatiwa kalafati, linarudi majini na jina lake, na hakuna anayekosa usingizi. Mimi nimelikuta swali hilo gereji, Mtwara mjini, kwenye pikapu kuukuu za Land Rover 109, na naona Waathene walibishania upande mwepesi wa jambo.

Bodi ya gari hili ni alumini, haishiki kutu. Chesesi ni chuma, na hewa ya chumvi ya pwani hii, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, inaila kutoka ndani. Ndiyo maana unakuta gari lenye sura nzima na mifupa iliyooza. Chesesi inachomelewa. Injini yake ya lita 2.25 ikichoka, inaingia ya Toyota: 3B, au kwa mwenye tamaa, 1HZ ya lita 4.2, silinda sita. Hapo gia boksi na shafti za nyuma zinabebeshwa nguvu ambazo hazikuumbiwa, na mwenye gari atajifunza bei ya shafti. Kadi ya gari ina namba ya chesesi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, TRA wanapaswa kujua.

Ni gari lilelile? Kwangu ndiyo, maadamu wanaolipanda wanaliita hivyo. Sioni udanganyifu katika injini. Fungua boneti, utaiona. Usipofungua utaisikia, ngurumo ile si ya Mwingereza. Udanganyifu ukiwepo, mara nyingi umelala kwenye wayaringi.

Waya za kiwandani zilikuwa na lugha. Kahawia: umeme wa moja kwa moja toka betri. Nyeupe: umeme uliopitia swichi ya ufunguo. Kijani: uliokwisha kupita kwenye fyuzi. Nyekundu taa ndogo, bluu taa kubwa, nyeusi ethi. Fundi wa Mtwara na fundi wa Maskati wangeweza kulisoma gari moja bila kuonana. Sasa lugha ile inang'olewa yote, inaingia rola moja ya waya mwekundu kutoka mbele hadi nyuma, na palipokuwa na fyuzi panafungwa nyuzi za shaba. Taa zinawaka, honi inalia, mteja analipa.

Lakini fyuzi ni kitu kilichotengenezwa kife kwanza. Ukiiziba kwa waya hujaondoa kifo, umekihamishia usipopajua: nyuma ya dashibodi, ndani ya tepu, karibu na bomba la dizeli. Na shaba nayo chumvi inaitia ukijani, muungo unalegea, unapata moto. Halafu siku moja gari linashuka kutoka Newala usiku kuelekea Masasi, korosho chini, watu juu ya korosho, zile kona unazijua, na taa zote mbili zinazimika kwa pamoja kwa sababu zilipewa waya mmoja.

Tena kuna hili. Dizeli ya zamani ya Land Rover ikishawaka haihitaji umeme. Unaizima kwa kuvuta kebo. 1HZ inahitaji waya mmoja wa kushikilia mlango wa mafuta kwenye pampu. Ukikatika, injini inazima, na dereva yuko njia ya Kilambo anatazama furushi la waya nyekundu, zote pacha.

Utetezi naujua. Hela. Mteja kaja na bei ya rola moja, angefanyaje fundi? Kwa rangi nakubali. Kwa fyuzi sikubali, bei yake haifiki hata ya soda mbili. Ila ipo sababu nyingine ambayo haisemwi: gari ambalo waya zake anazijua mtu mmoja litarudi kwa mtu huyohuyo. Siri ndiyo pensheni yake. Na siwezi kumlaani kirahisi, bwana. Hana mkataba, na kijana aliyemfundisha keshafungua kibanda ng'ambo ya barabara.

Waunda majahazi nao hawatoi siri. Lakini siri yao ni namna ya kufanya. Kilichofanyika kiko wazi, mtoto anaweza kuhesabu mataruma. Hapo ndipo ninapotenganisha. Ulivyojifunza kuufikiria umeme ni mali yako, nenda nayo kaburini ukitaka. Waya upi unakwenda wapi ndani ya gari la mtu si mali yako tena. Ni ya dereva, ya utingo, ya mama aliyekaa juu ya magunia ambaye hajakuona wala hatakuona.

Karatasi moja ingetosha, imechorwa kwa mkono, imebandikwa ndani ya kifuniko cha boksi la betri chini ya kiti, kwa wino ambao dizeli haiufuti. Wateja wengi watasema hawaihitaji, wanataka taa ziwake kesho asubuhi. Basi bandika hivyohivyo.