Kipimo cha Kulisha Mtoto

Kupima ni kazi njema, maana asiyepima hawezi kujua kilichopungua wala kilichozidi. Lakini kila kipimo kina kwao. Debe la mnunuzi na debe la mkulima huzozaniwa kila msimu wa mavuno, ingawa yote mawili huitwa debe. Nataka kuuliza kama namna mzazi anavyomlisha mtoto asiyefika umri wa shule yaweza kupimwa kwa kipimo kimoja katika mataifa mbalimbali; na kama yaweza, ni nani mwenye haki ya kuhukumu.

Swali hili si la mzaha. Mwaka 2022 uchunguzi wa afya wa taifa letu ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa Kahama amedumaa. Desturi ya wazee wake haimwongezei kimo. Katika jambo hili wataalamu wametutendea wema. Shirika la Afya Duniani lilipotoa vipimo vya ukuaji mwaka 2006, lilikuwa limewatazama watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, likaona kwamba mtoto alishwaye na kutunzwa vyema hukua kwa namna moja, awe wa Accra au wa Oslo. Basi mwili una kipimo kimoja, na anayekataa hilo kwa kisingizio cha mila anamdhulumu mtoto.

Mwenendo wa mzazi ni jambo jingine. Mwaka 2001 Leann Birch na wenzake huko Marekani walitoa orodha ya maswali 31 ya kuwapima wazazi: wajibu wao katika kulisha, hofu yao juu ya uzito wa mtoto, kumzuilia baadhi ya vyakula, kumsukuma ale, na kumchunga anachokula. Orodha hiyo ilizaliwa mahali ambapo hofu kubwa ilikuwa unene. Huko, mama anayemsukuma mtoto ale hushukiwa kumfundisha asilisikilize tumbo lake mwenyewe. Hoja hiyo ina maana pale ilipozaliwa.

Niliwahi kuombwa kusahihisha tafsiri ya maswali ya namna hii kwa ajili ya wazazi wa Shinyanga na Geita. Nilidhani kazi ingekwisha kwa siku mbili, kumbe neno moja tu lilinishinda. Kitendo ambacho waandishi wa orodha hukitaja kwa neno moja la kusukuma, sisi tuna kubembeleza, kuhimiza, kushurutisha na kulazimisha. Na kati ya la kwanza na la mwisho pana umbali wa mapenzi na jeuri. Mama anayembembeleza mtoto aliyetoka katika homa amalize uji wake, na baba anayemlazimisha kwa fimbo, wangepewa alama moja. Je, huko ni kupima au ni kusingizia?

Kisha likaja neno sahani. Swali lilitaka kujua kama mtoto hutakiwa kumaliza chakula chote kilichomo katika sahani yake. Mama mmoja wa Geita alinitazama kwa upole akaniuliza, "Sahani ipi, mwalimu?" Watoto wake watano walikula ugali na dagaa katika sahani moja. Mdogo alishindana na kaka zake, akainuka, na hapana aliyejua kama ameshiba au ameshindwa. Hapo ndipo palipokuwa na hatari ya kweli, na orodha yetu haikuwa na swali juu yake. Tena aghalabu mlishaji hakuwa mama: alikuwa bibi, au dada wa miaka tisa, kwa kuwa mama yuko shambani au anaponda mawe ya dhahabu kwa ujira.

Orodha hizi huuliza pia: daima, mara nyingi, au mara chache? Zinadhani nyumba ina tabia moja mwaka mzima. Shinyanga ni nchi kame. Ina miezi ya mavuno na miezi ya michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa kungojea uhaba. Katika machimbo madogo ya Nyarugusu na Rwamgasa mambo hugeuka upesi zaidi. Wiki ya dhahabu mtoto hununuliwa soda na biskuti hata akakataa ugali, na hapo swali la Marekani juu ya kuzuia vyakula vitamu lina mahali pake kabisa. (Kabla ya safari ile nililidhihaki kuwa ni swali la matajiri. Nilikosea.) Wiki mwamba ukikataa kutoa, mama yule yule hubembeleza uji usio na sukari. Mzazi ni mmoja, majibu mawili, na yote ya kweli.

Wako wasomi wenzangu wasemao kwamba kila utamaduni una mizani yake, basi tuache kulinganisha. Siwafuati. Watetezi wa mila aghalabu ni watu wazima walioshiba, na yule mtoto wa tano hana shahidi ila kipimo. Lakini wala siafiki kipimo kinachomsomea mama mashtaka yasiyo yake, kikamwacha baba, ambaye pengine ndiye aamuaye gunia lipi la mahindi liuzwe, bila swali hata moja.

Swali la sahani tuliliandika upya: jana mtoto alikula na nani, nani alimwona akiinuka, na ni nani aliyesema kwamba ameshiba. Lilikuwa refu kuliko la kwanza, wala majibu yake hayakuenea katika kisanduku kilichochorwa kwenye karatasi.