Deni la Mwanagenzi

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Methali hii tunaifundisha sana madarasani, lakini ni mara chache tunapojiuliza maswali yanayoifuata: vimeundwa na nani? Naye aliyeviunda alifundishwa na nani? Na huyo aliyemfundisha alilipwa nini? Katika insha hii tunakusudia kuyatazama maswali hayo kwa kumfuata kijana anayejifunza uhandisi wa mitambo, na kuuliza ana deni gani kwa fundi anayemfunza kazi.

Tumchukue kijana wa Bungu, wilayani Korogwe. Kwao ni juu katika milima ya Usambara, penye migomba na ukungu wa asubuhi, na mashamba ya chai ya Ambangulu hayako mbali. Akiteremka bondeni anayakuta mashamba ya mkonge ya Ngombezi na Hale, na reli itokayo Tanga, iliyofika Korogwe mwaka 1902. Kijana huyu ameifahamu sauti ya mashine kabla ya kujua hesabu zake. Amesoma kwa bidii, amefaulu hisabati na fizikia, amefika chuo kikuu. Kisha siku moja anapelekwa kiwandani ili ajifunze kazi kwa vitendo.

Tuseme kiwanda hicho ni cha mkonge. Humo anaikuta korona, mashine inayoyaponda na kuyakwangua majani ili kutoa singa. Majani hulazwa juu ya mkanda, yakashikwa barabara, yakapitishwa kwenye ngoma kubwa zenye visu butu huku maji yakiosha. Katika kila kilo 100 za majani singa ni kilo 4 hivi tu. Zilizobaki ni maji na taka. Nafasi baina ya visu na bamba lililo mbele yake ndiyo siri ya kazi yote. Ikizidi, singa hutoka na nyama ya jani. Ikipungua, singa hukatika. Kijana anajua kukokotoa mwendo wa ngoma na uzito unaobebwa na beringi. Lakini fundi, mzee aliyeishia darasa la saba, anaokota singa moja, anaivuta baina ya vidole, na kusema, "Sikiliza, mwanangu, ngoma inalia upande wa kushoto." Mashine inasimamishwa, na beringi ya kushoto inakutwa imekwisha.

Siku hiyo kijana anajifunza jambo ambalo hakuliona kitabuni. Naye mzee hakumficha. Amemwonyesha namna ya kushika tupa, namna ya kutambua moto wa chuma kwa rangi yake, na mahali ambapo mkono haupaswi kufika hata kama mashine imezimwa. Baada ya miaka michache kijana anaweza kurudi mahali pale pale akiwa mhandisi. Atakuwa na ofisi, na mshahara wake utakuwa mara kadhaa ya ule wa mwalimu wake. Mzee atamwita "bwana mhandisi" na kungoja amri yake. Je, hii ni haki?

Wako watakaojibu kwamba fundi hudai nini, na hali mshahara wake analipwa kila mwezi? Jibu hili ni jepesi mno. Mshahara ule ni malipo ya kuitengeneza korona. Haukuwa malipo ya kumtengeneza mhandisi. Mhadhiri hulipwa kwa kufundisha, na jina lake huandikwa. Fundi hufundisha kwa hiari ya moyo wake, na hakuna daftari linalomtaja.

Wazee wetu walilijua tatizo hili. Huko Ugweno, katika milima ya Upare, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi. Mahali ambapo ufundi ulikuwa mali ya ukoo, anayefunzwa alikuwa mwana, na mwana hakumaliza wajibu wake kwa baba siku ile alipojua kufua jembe. Lakini tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Ukoo uliolinda heshima ya mwalimu ndio huo huo uliowafungia mlango wasiokuwa wa damu yake. Shule imeufungua mlango huo, na hilo ni jambo la kushukuru. Kosa letu ni kwamba tulipoufungua mlango tuliisahau heshima.

Ukoloni nao ulituachia kasumba ya kuamini kwamba msomi ni mtu mwenye mikono safi. Taifa letu limepigana na kasumba hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1973 kitivo cha uhandisi kilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu, ingawa utaratibu huo ulilegezwa baadaye. Mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mpango wa uanagenzi, ambamo mhitimu wa shahada hufanya kazi kwa miaka mitatu chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Hata Uingereza, tangu mwaka 2015, kijana anaweza kuajiriwa na kusomea shahada kwa wakati mmoja kama mwanagenzi. Ni dhahiri basi kwamba mkono na kitabu vinatafutana kila mahali.

Lakini mipango hiyo yote humpima mwanagenzi kwa yale aliyoyapata. Haimwulizi analorudisha.

Hatusemi kwamba fundi hukosei, wala kwamba kitabu si kitu. Wako mafundi wanaoondoa kinga ya mashine ili kazi iende upesi, na wako wanaoficha ujuzi wao wasije wakapitwa. Tena mkono peke yake usingegundua kwamba zile taka za mkonge, zilizotupwa kwa miaka mingi, zaweza kutoa gesi ya kuzalisha umeme, kama ilivyofanyika Hale. Hilo lilihitaji elimu ya vitabu. Na daraja likianguka, anayeulizwa ni mhandisi aliyetia sahihi. Mzigo wake si mdogo, na cheo chake si cha bure.

Basi deni la mwanagenzi ni lipi? Kwanza, ni kuuliza kwa unyenyekevu hata baada ya kupata cheo, maana kuuliza si ujinga. Pili, ni kuyaandika aliyofunzwa na kumtaja aliyemfunza, ili ujuzi wa mzee usizikwe pamoja naye. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni kuitumia sauti yake kumfungulia fundi mlango. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazini. Mhandisi anayejua hayo akanyamaza, huku mwalimu wake akistaafu bila hata karatasi moja, huyo amekula deni.

Tunawaomba walimu wawaeleze vijana jambo hili mapema, kabla hawajavaa ovaroli za kwanza. Nanyi wanafunzi, mtakapofika karakana, mtakuta mzee mmoja aliyepakaa mafuta hadi viwikoni. Msalimuni kwa adabu, kisha ulizeni jina lake na mlikumbuke. Siku mtakapopewa kalamu ya kutia sahihi, jina hilo liwe miongoni mwa mtakayoyaandika.