Bustani ya Vijana Hupimwa kwa Pishi Gani?

Mtu mmoja mwema wa mji wetu, ambaye hakupenda jina lake litajwe, alitupa kiwanja kidogo kando ya msikiti ili vijana wa mtaa wapate kulima mboga. Alichimbisha kisima (maji yake yana chumvi kidogo, lakini mchicha wayavumilia), akanunua majembe na mbegu, kisha hakusema neno mwaka mzima. Mwaka ulipotimia akatuuliza swali moja tu: Je, bustani imefaulu?

Tulimjibu upesi, na upesi huo ndio uliotuleta kwenye maneno haya. Tulimwandikia kwamba vijana 31 wameandikwa, kwamba matuta yamejaa mchicha, bamia na sukuma wiki, na kwamba wageni wamekuja wakapendezwa. Hapakuwa na uwongo katika barua ile. Lakini mmoja katika darasa yetu alipoisoma mara ya pili aliuliza: Hao 31 ni walioandikwa, au ni wanaokuja? Tukanyamaza. Walioandikwa ni 31. Waliokuwa wakija ni 19.

Basi twauliza: mtu akitoa hesabu ambayo kila neno lake ni kweli, na msomaji akaondoka nayo akiamini lisilokuwa kweli, je, amepunja kipimo au hakupunja? Sote twajua jinsi Qurani ilivyowaonya wapunjao vipimo. Tumezoea kulisikia onyo hilo tukimfikiria mwenye duka na pishi yake. Sisi twaona kwamba lamhusu pia mwenye kutoa hesabu ya mali ya kheri, kwani naye ana pishi mkononi, na anayepimiwa hayupo kuiona.

Wako ndugu wasemao kwamba amali ya kheri haipimwi. Mtu hutia nia, hupanda, na yaliyobaki ni ya Mwenyezi Mungu. Huleta hoja ya hadithi mashuhuri ya mtu aliyefikiwa na Kiyama na mche u mkononi mwake, kwamba aupande. Hadithi hiyo twaikubali kwa moyo wote. Lakini yahusu mpandaji na mche wake mwenyewe. Haikusema kwamba aliyepewa mali ya mwenziwe asiulizwe imekwenda wapi. Thawabu ya mtoaji si kazi yetu kuipima. Manufaa ya kijana yafaa yapimwe, kwa sababu kijana si chombo cha sisi kuchumia thawabu.

Shida ni kipimo chenyewe. Pishi hupima mchele, wala haipimi nguo. Mmoja katika sisi alitaka mboga zipimwe kwa kilo. Lakini kama kilo ndizo zitakiwazo, mkulima mmoja hodari wa kuajiriwa angalitoa mboga nyingi kuliko vijana wote wale, na kiwanja kingalikuwa kimya. Mwengine alitaka tuhesabu wangapi walioacha kukaa maskani. Hili li karibu zaidi na maradhi tuliyokusudia kuyatibu, kwani kila mzazi wa pwani ajua unga umefanya nini katika mitaa yetu. Lakini nani atajua kama aliyeondoka maskani ameondoka kwa sababu ya bustani, au amepata kibarua, au amehamia maskani nyengine? Wa tatu alitaka tuandike wangapi wameanza kuswali jamaa. Hili tulilikataa, na twalikataa hata sasa. Kijana akijua kwamba swala yake yaandikwa daftarini ili isomwe na tajiri, tutakuwa tumemfundisha riya kwa jembe letu wenyewe.

Katika nchi nyengine watu wamelishughulikia jambo hili kwa bidii ambayo yafaa ituonyeshe haya. Huko London shule za msingi ziligawanywa kwa kura, zikapewa msaada wa bustani kwa njia mbalimbali, na chakula cha watoto kikapimwa kabla na baada. Matokeo yalitangazwa mwaka 2014: ushahidi ulikuwa mchache kwamba mradi wenyewe uliwazidishia watoto kula mboga na matunda. Lakini katika shule ambazo bustani iliingia barabara katika maisha ya kila siku, watoto walionekana kuzidi kwa kadiri ya gramu 80 kwa siku. Na huko Austin, katika Texas ya Marekani, shule 16 zilijaribiwa kwa njia kama hiyo, na matokeo yakatoka mwaka 2021: watoto walizidi kula mboga, lakini unene wao na shinikizo la damu havikubadilika. Aliyepima unene peke yake angalisema kazi imeanguka. Aliyepima mboga peke yake angalisema imefaulu. Lililotupendeza sisi ni kwamba waliyaandika yote mawili. Kwetu, ripoti ya kushindwa haijapata kusomwa katika mkutano wowote tuliohudhuria.

Nchini mwetu vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa mashuleni mwaka 2021, na ni jambo jema. Lakini neno kufufua lenyewe latosha kutuzindua: hesabu ya vyama siku ya kufunguliwa haisemi lolote juu ya miaka ifuatayo.

Basi tuliona kwamba watu wa kuulizwa kwanza ni wale 12 wasiokuja. Tuliwatafuta wiki mbili, tukawapata tisa. Wawili wamepata kazi, na mmoja amerudi shule. Katika daftari letu hao walikuwa ni hasara, na huenda ndio faida yetu kubwa. Wawili hawakutaka kusema nasi. Wanne walisema neno moja bila ya kuagana: kwamba mwenye kuchelewa darasa ya jioni alikuwa akiadhibiwa kwa kuteka maji ya bustani, na wao hawakuona sababu ya kwenda kwa hiari mahali wanapopelekwa kwa adhabu. Aliyetoa adhabu hiyo ni mmoja wetu, na sisi wengine tuliiona tukanyamaza. Edward Mukiibi wa Uganda, aliyechaguliwa mwaka 2022 kuwa rais wa jumuiya ya Slow Food, amesimulia kwamba zama za usomi wake kilimo kilikuwa adhabu shuleni, na kwamba hilo lilimsukuma kuanzisha bustani ambazo watoto watazipenda. Habari zake tulikuwa tumezisoma zamani.

Watatu hatukuwapata. Mama wa mmoja wao alitwambia kwamba hata yeye hajui mwanawe alalako.

Hayo yote tumeyaandika katika barua ya pili, pamoja na kwamba adhabu ile imekomeshwa, na kwamba mwaka ujao vijana wenyewe wataulizwa mwanzoni wanatarajia nini, kisha waulizwe tena mwishoni. Fedha zilizobaki zatosha kununua tangi la maji ya mvua, au kumlipa mtu wa kuwatembelea vijana majumbani. Hazitoshi kwa vyote viwili. Tumemwomba mwenye mali aseme yeye. Barua aliipokea baada ya swala ya Ijumaa, akaikunja akaitia mfukoni, na jawabu bado twaingoja.