Ushujaa na Kujitia Katika Maangamizi



Tumeulizwa darsani hapa Nanighi: Je, afaye katika kupanda mlima ni shujaa, au ni mwenye kujiangamiza? Muulizaji alimkusudia Joshua Cheruiyot Kirui, Mkenya aliyefariki Mei 2024 karibu na kilele cha Mlima Everest, wenye mita zipatazo 8,849, naye ameazimia kuupanda pasina hewa ya chupa. Pamoja naye alipotea mwongozi wake, Nawang Sherpa.

Sisi hatumhukumu marehemu. Nia yake aijua Mola wake. Lakini jambo lenyewe lina mafunzo.

Wajuzi wa milima wasema kwamba kupita mita 8,000 hewa ni haba mno, na akili yaweza kupungua mtu asijijue. Hudhani yu mzima, kumbe hawezi tena kupima. Kwa hiyo wenye hekima miongoni mwao huweka saa ya kurejea wangali chini. Ikifika saa hiyo hurudi, hata kilele kikiwa mbele ya macho yao. Hukumu hutolewa na akili timamu, haiachiwi tamaa.

Wala tusidhani haya ni ya mbali. Mto wetu wa Tana hupata maji yake katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na hatari yake yatufikia mlangoni. Aprili 2024 mashua ilipinduka katika mafuriko upande wa Garissa, juu ya mto kutoka kwetu, watu wakafa. Wako wasemao ukingoni: "Ajali haina kinga, twende." Hiyo si tawakuli. Bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) habari ya ngamia wake aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Tena twapambanua: avukaye kumpeleka mgonjwa ana dharura, atafutaye sifa hana. Na hata mwenye dharura hana ruhusa ya kukijaza chombo kupita kiasi, kwani roho za wenziwe ni amana. Mwenye mtumbwi na mwongozi wa mlima wote watafuta riziki. Awaajiriye akishikilia kwenda mbele, huwa ameamua juu ya nafsi isiyokuwa yake.

Basi rai yetu ni hii: ushujaa si haramu, lakini ushujaa usiowekewa mpaka kabla ya safari ni ghururi. Tuweke alama ukingoni maji yangali chini. Yakiipita, havuki mtu, japo alipe maradufu. Arejeaye salama hakushindwa, ameichunga amana.

Wabillahi taufiki.